Stori Imesambaa, Jina Limekatwa: Kutoka Unguja 1887 Hadi Simu ya Dada wa Chidya

Wadau, leo naomba tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna dada mmoja wa Chidya, jina lake nalihifadhi. Kaniomba mwenyewe nisimtaje, na kama mtakavyoona, suala la jina ndiyo stori yenyewe.

Kwa wasiopajua, Chidya ni Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara, jirani na ule uwanda wa juu wa Makonde ambako ndiko iliko Newala. Nchi ya mikorosho. Huyu dada anaandika hadithi kwenye simu, zile za vipande. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na mwisho wa kila kipande anaweka "itaendelea", halafu grupu zima linaanza kugombana naye kwa nini amekatisha pale pale patamu.

Hadithi yake ya karibuni ilikuwa ya mjane. Mume amefariki, ameacha shamba la mikorosho, na shemeji mtu ameanza kupima mipaka kabla hata arobaini haijafika. Alifika sehemu ya saba, akapumzika kidogo maana alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Siku moja binamu yake aliyeko Dar akamtumia ujumbe: "Dada, soma hii, utalia." Akafungua. Ilikuwa hadithi yake. Sehemu ya kwanza hadi ya saba, neno kwa neno, mpaka lile kosa la herufi alilolifanya sehemu ya nne. Kitu kimoja tu hakikuwepo: ule mstari wa juu wenye jina lake. Mtu ameukata. Na chini kuna yale maneno ambayo sote tunayajua: "Imetumwa kama ilivyopokelewa."

Akafuatilia. Akakuta imeshafika kwenye ukurasa mmoja mkubwa wa hadithi, na mwenye ukurasa ameweka jina lake juu bila aibu. Komenti kama mvua. Akajitokeza akasema hii kazi ni yangu. Akaambiwa alete ushahidi. Alipoanza kuuleta akafungiwa.

Sasa mimi nilidhani kinachomuuma ni hela, au sifa. Nikamuuliza. Akaniambia, "Kaka, hapana. Kuna mama mmoja aliandika pale chini kwamba haya haya yamemkuta yeye, na bado yuko kwenye kesi na shemeji zake. Akauliza, yule mjane baadaye alifanyaje? Yule kaka mwenye ukurasa akamjibu kwa vile vikatuni vya kucheka. Mimi nilikuwa najua yule mjane alifanyaje. Sikuweza kumjibu."

Hapo ndipo niliponyamaza. Kwa sababu mtu akikata jina lako kwenye hadithi, hajachukua sifa tu. Amekata njia. Aliyeguswa na maneno yako hana tena pa kukufikia, na wewe huna pa kumjibia. Na nilipoanza kuchimba, nikakuta huu mchezo kule kwetu kusini una zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Vijana wasio na majina, 1887

Turudi nyuma. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Masasi akiwa na kundi la watu zaidi ya 50. Wengi wao walikuwa wameshikwa utumwani, wakaokolewa na kulelewa Unguja, na sasa walikuwa wanarudi upande wa bara kuanza maisha. Mpango wa askofu ulikuwa kwenda mbali zaidi, hadi nchi ya Wayao. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakaweka makazi hapo. Ndiyo mwanzo wa Masasi ya misheni.

Kule Unguja, nje kidogo ya mji, misheni hiyo ilikuwa na shule ya wavulana mahali panapoitwa Kiungani. Wavulana wengi pale walikuwa wametolewa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na meli za Waingereza. Watoto wa makabila mbalimbali, Wayao wakiwemo, wamechanganyika, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Siku moja wakaambiwa waandike maisha yao. Fikiria hilo somo. Mtoto wa miaka kumi na kitu anaambiwa shika kalamu, eleza jinsi ulivyochukuliwa kwenu, nani alikuuza, ulipita wapi hadi ukafika baharini. Wakaandika. Kwa Kiswahili. Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, yule aliyekuja kutunga kamusi za Kiswahili ambazo babu zetu walizitumia, akazitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 zikatoka London kama kitabu. Kitabu kinaitwa Kiungani.

Sasa angalia jalada. Jina la mtafsiri na mhariri lipo, Arthur Cornwallis Madan. Waandishi wenyewe wa hizo stori wanatajwa kwa jumla: wavulana wa shule za misheni. Basi. Imetumwa kama ilivyopokelewa!

Nisimwonee Madan. Hakuiba, alisema wazi kwamba zimeandikwa na wavulana, na wale walikuwa watoto waliopitia mambo mazito. Pengine kutowaanika kulikuwa na busara yake. Lakini matokeo ni yale yale ya dada wa Chidya. Msomaji wa London alilia na kitabu chake, na hata kama angetaka kumwandikia barua yule kijana, kumwuliza kama aliwahi kumwona tena mama yake, barua ingekwenda kwa nani? Na ndugu zao huku bara, ambao labda walikuwa hai bado, wangewatafutaje kwa kitabu kisicho na majina kwenye jalada? Stori ilitoka, ikasafiri mbali, ikagusa watu. Njia ya kurudi haikuwepo.

Msimulizi: hapo sasa watu wakaanza kujibizana

Mwaka mmoja baadaye, 1888, pale pale Kiungani likaanza gazeti dogo la Kiswahili. Jina lake zuri kuliko magazeti mengi ya leo: Msimulizi. Lilidumu hadi 1896. Na hili lilikuwa kitu kingine kabisa.

Kwanza, liliandikwa na watu wenyewe kwa ajili ya watu wenyewe. Wanafunzi wa Kiungani wakimaliza walikuwa wanatawanywa kwenye vituo vya misheni kufundisha: Magila kule Usambara, Masasi na Newala huku kwetu, wengine hadi Ziwa Nyasa. Vijana waliolala bweni moja ghafla wametenganishwa na mamia ya maili ya pori. Gazeti ndilo lililowashikilia pamoja. Vituo vilituma habari zao, zinachapwa Unguja, gazeti linarudi vituoni, wanasoma habari za wenzao.

Na zilikuwa habari gani? Hapa mtacheka. Fulani amefika salama. Fulani amepata homa. Fulani ameoa. Fulani amepata mtoto. Fulani amefariki, tumemzika. Watoto wamefanya mtihani. Hata mechi za kriketi za Kiungani zilikuwemo. Yaani wadau, zile tunazoziweka kila asubuhi tukidhani tumeanza sisi, waalimu wa Masasi na Newala walikuwa wanaziweka kabla reli hazijafika Tanganyika. Tofauti ni kwamba ya kwao ilibidi itembee kwa miguu kutoka milimani hadi Lindi, ipande chombo hadi Unguja, ichapwe, halafu ianze safari ya kurudi. Umeoa, umetangaza, na pongezi zinakukuta mkeo ana mimba.

Lakini kuna kitu Msimulizi lilikuwa nacho ambacho kile kitabu cha 1887 hakikuwa nacho kwenye jalada: majina. Watu walitajwa. Ndiyo maana leo, nakala zake zikiwa zimehifadhiwa, wanahistoria wanaweza kumfuatilia mwalimu mmoja mmoja: alikuwa kituo gani, alioa lini, alihamia wapi. Padri Cecil Majaliwa, kwa mfano. Alikuwa mtumwa mtoto, akakombolewa, akasoma Kiungani na baadaye Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa daraja la upadri. Kituo chake kilikuwa Chitangali, huku huku kwetu. Alianza maisha sawasawa na wale wavulana wa kitabu. Yeye tunamjua. Wao hatuwajui.

Na msidhani mazingira yalikuwa ya raha. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na kuchomwa na wapiganaji wa Kingoni, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa, na misheni ikabidi ihamie Newala kwa muda. Mwaka 1905 vita ya Majimaji ikaja, misheni ya Masasi ikaharibiwa tena. Katikati ya misukosuko hiyo miwili, kuna mtu alikaa chini akaandika: sisi huku hatujambo, fulani anawasalimu. Kwa watu ambao wengi wao utotoni walipotezwa na ndugu zao bila hata neno, salamu yenye jina haikuwa jambo dogo. Ilikuwa ushahidi kwamba safari hii hawajapotea.

Mambo Leo na bifu za miezi sita

Turuke hadi enzi za Mwingereza. Januari 1923 serikali ya Tanganyika ikaanzisha gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, likitoka Dar es Salaam chini ya idara ya elimu. Lilikuwa gazeti la serikali, kwa hiyo siasa kali hukuti. Lakini kulikuwa na mashairi. Na kwenye mashairi ndipo watu walipoligeuza kuwa la kwao.

Wasomaji wake wakubwa walikuwa waalimu, makarani, na vijana wa shule. Kwa kusini, shule kama Chidya ndizo zilizotoa watu wa namna hiyo. Ilianzishwa na misheni ile ile ya UMCA, ikaitwa St Joseph's, ikasomesha vijana na waalimu wa dayosisi ya Masasi, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Mwalimu aliyetoka pale akapangiwa kijiji cha ndani ndiye mara nyingi aliyekuwa mtu wa gazeti kijijini: analisoma yeye, anawasomea wengine, na likiisha anaanza kuwaza atajibu nini.

Maana mashairi yale hayakuwa ya kusoma na kupita. Mtu anatoa swali kwa beti. Lipi bora, mali au elimu? Nani wa kulaumiwa, mwizi au anayenunua mali ya wizi? Mwezi unaofuata majibu yanaanza kumiminika kutoka Tabora, Tanga, Kigoma, Mombasa. Mwingine anamuunga mkono, mwingine anamchana, mwingine anaingia katikati kuwapatanisha halafu anachanwa yeye. Bifu moja lilikuwa linaweza kula nusu mwaka.

Na kulikuwa na adabu ya kujibu, hii naomba tuisikilize vizuri. Huwezi kumjibu mtu hovyo. Shairi la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane huku nane huku, vina katikati na mwisho, mistari minne kwa ubeti. Aliyekujibu alitarajiwa aonyeshe kwamba amekusoma: anashika hoja yako, mara nyingi anashika na vina vyako au kituo chako, halafu ndipo anakugeuzia. Maana yake hata kumtukana mtu ilikuwa lazima kwanza umsikilize. Linganisha na komenti ya leo ya mtu aliyesoma kichwa cha habari tu.

Kujibizana huku hakukuletwa na magazeti. Kabla yake kulikuwa na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa karibu mwaka 1840, na enzi zake Mombasa na Lamu zilirushiana mashairi sambamba na kurushiana risasi. Magazeti yalipokuja, desturi ilikuwa inasubiri. Ndipo tukawapata wakubwa: Shaaban Robert aliyechapisha humo tangu miaka ya 1930, Amri Abedi aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 na baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar, Saadani Kandoro aliyekuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU mwaka huo huo wa 1954 na aliyejua kuficha siasa ndani ya beti za wadudu na wanyama. Kandoro hata diwani yake imejaa mashairi ya kujibizana.

Na majina ya kupanga! Mnadhani ni sisi tulioanza kujiita ajabu mitandaoni? Akilimali alijiita Snow White, na jina hilo likamkaa. Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza. Mtu anasoma "Sauti ya Kiza" pale chini anajua leo kazi ipo.

Mzee wa daftari

Hapa namleta mtu wangu wa pili asiye na jina. Ni mzee wa kwetu, mwalimu mstaafu, alisoma Chidya miaka ya hamsini mwishoni. Naye kaomba nisimtaje, ila kwa sababu tofauti: "Mjukuu, ukitaja jina langu la nyumbani hakuna atakayenijua. Wanaonijua wananijua kwa lile jingine." Na lile jingine hakutaka niliweke hapa.

Ana daftari moja la jalada gumu. Kurasa za kushoto kabandika vipande vya magazeti, mashairi yake. Kurasa za kulia, majibu aliyojibiwa. Yaliyomfikia amebandika, na yale aliyoyasoma kwenye gazeti la kuazima amenakili kwa mkono, mwandiko ule wa waalimu wa zamani, herufi zimesimama kama gwaride.

Alikuwa na mpinzani mmoja wa Tabora. Hakuwahi kumwona. Walibishana karibu mwaka mzima juu ya mwizi na mnunuzi. Baada ya hapo ikawa akiandika huyu, yule lazima ajibu, hata kama hakuulizwa. "Nilimzoea," aliniambia. "Nilikuwa natunga huku najua atanishika wapi. Kwa hiyo nilikuwa natunga vizuri."

Halafu miezi mitatu jina lile halikuonekana. Mzee akatunga shairi fupi, akamwomba mhariri nafasi, akauliza: fulani wa Tabora uko wapi? Likachapwa. Mwezi uliofuata akajibiwa na mtu mwingine, kwa vina vile vile alivyoulizia, kwamba mwenzio alishatangulia mbele ya haki.

Alinionyesha lile jibu. Liko ukurasa wa kulia, peke yake. Ukurasa wa kushoto ameuacha wazi.

Nikamwambia, lakini mzee, hukuwa hata unajua jina lake halisi. Ni kama hao wavulana wa Kiungani tu, au kama stori za siku hizi zinazozunguka bila mwenyewe. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. "Wewe. Mimi nilijua jina lake. Lile la gazetini ndilo lilikuwa jina lake kwangu. Nililiita, likaitika. Siku halikuitika, mtu mwingine akaitika kwa niaba yake. Sasa hiyo unaifananishaje na kitu ambacho hata ukiita hakuna aliyeagizwa kuitika?"

Nimeifikiria hiyo kauli wiki nzima. Ndiyo tofauti. Jina la kupanga ni mlango. Umeupaka rangi unayotaka wewe, lakini mtu akibisha kuna wa kufungua. Jina lililokatwa ni ukuta. Jificheni mnavyotaka, wadau, hakuna ubaya. Wengi wetu tuna sababu za kujificha. Ubaya ni mtu mwingine kukufichia kwa nguvu.

Siri ya ubeti wa mwisho

Nikamweleza mzee kisa cha dada wa Chidya. Akacheka. Akauliza, "Jina aliliweka wapi?" Nikasema juu, kama kichwa. "Basi ndiyo maana. Kichwa kinakatika. Sisi tuliliweka tumboni."

Akanionyesha kwenye daftari. Kila shairi, ubeti wa mwisho, ule wa kuagia, ndimo alimokuwa anataja jina lake na mahali alipo, limefungwa ndani ya vina. Ukilitoa, mizani inapinda na kina kinapotea, msomaji yeyote anajua hapa pametolewa kitu. Na hii nayo si ya magazeti. Utenzi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, na karibu na mwisho mtunzi amejitaja kwa jina, ametaja Pate alikozaliwa, na ametaja hata mwaka. Mwanamke wa Pate, kabla ya magazeti ya Kiswahili, kabla ya hakimiliki, kazi yake inasafiri kwa kunakiliwa kwa mkono na kukaririwa kwa mdomo, na bado hadi leo hakuna aliyeweza kusema ni ya kwake.

Wale watunzi wa zamani walijua mapema kitu ambacho sisi tunakigundua kwa maumivu. Kazi ikishatoka mkononi mwako, inakwenda kwa watu usiowajua, watainakili, watapunguza, wataongeza. Huwezi kuisindikiza kila mahali. Kwa hiyo wewe mwenyewe panda ndani.

Sheria nayo ipo, tusiisahau. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na COSOTA wapo kwa shughuli hizo. Lakini tuwe wakweli, dada wa Chidya mwenye mgonjwa nyumbani hatafunga safari kwa sababu ya sehemu saba za hadithi ya simu. Ulinzi wake wa kwanza ni ufundi wake, na wa pili ni sisi tunaosoma.

Nikampelekea dada ile siri ya mzee. Akakaa kimya siku mbili. Halafu akanitumia sehemu ya nane.

Ndani yake amemwingiza mhusika mpya: jirani anayekuja jioni kumsaidia mjane kuandika barua ya malalamiko kwa baraza la ardhi la kata, kwa kuwa mjane mwenyewe mkono unatetemeka. Jirani ana jina, na ni lile jina lake dada la kuandikia. Mjane anamwita kila ukurasa. Bila yeye barua haiandikwi, na bila barua shamba haliokolewi. Sasa aje mtu amkate tuone hadithi itasimamia wapi.

Na kipande chenyewe kinaanza na mjane kuuliza swali: sasa mimi nifanyeje? Neno kwa neno, ni swali la yule mama wa kwenye komenti. Dada hamjui, hajui yuko mkoa gani, na ile komenti ilishafutwa. Ameamua kumjibu hivyo hivyo, kwa urefu, hatua kwa hatua: nyaraka zipi azishike, nani wa kumwona kwanza, mashahidi gani wa mipaka awatafute kabla wazee hawajaisha. Ametuma. Inazunguka huko. Labda itamfikia.

Wadau, ombi langu ni dogo. Ukipokea hadithi au shairi limekukamata moyo, kabla hujalisukuma mbele, angalia juu na angalia chini. Kama jina lipo, liache. Kama halipo, uliza: hii ya nani? Uliza kwenye grupu, uliza kwa sauti. Kwenye grupu la watu mia mbili kuna mmoja anajua. Na kama imekugusa, mjibu mwenyewe, si aliyeisambaza. Mjibu kama wale wa zamani, kwa namna itakayoonyesha kwamba umesoma hadi mwisho.

Na wewe uliyewahi kukatwa jina, komenti iko hapo chini. Andika jina lako la kuandikia na kichwa cha kazi yako, hivyo viwili tu. Nitasoma zote. Na kama kuna yule mama mwenye kesi na shemeji zake anasoma hapa kwa bahati: sehemu ya nane imetoka. Jirani wa mjane anakutafuta.